Pale Palipobonyea

Miaka saba tuliparuka pale,
mimi na Ardis, bila kuambiana:
hatua moja kutoka mlangoni, upande wa kushoto,
ambapo sakafu ya trela ilibonyea
kama mkate uliolowa chai.
Mgeni tulimwonya. Mbwa alijifunza mwenyewe.

Aprili hii, theluji ya Montana ikijiondokea,
imeacha uani matope na glavu moja isiyo yetu,
Ardis alishika nyundo akasema,
"Leo, Verlin. Au naiuza."

Godoro tulilikunja likatukunjukia usoni.
Kitanda kiling'ang'ania ukuta,
skrubu zimeota kutu, vichwa vimelika,
nikazing'oa moja moja kwa koleo
nikiwa nimepiga magoti, mtu wa miaka sitini na minane,
nikisema maneno ambayo mchungaji wetu
anadhani siyajui.

Kisha zulia la plastiki, na chini yake pini,
pini, pini, aliyezipigilia alikuwa na hasira na mtu.
Na chini ya pini, mbao nyeusi,
laini, ya kuchota kwa kijiko.

Tukaifuata njia ya maji kwa kidole:
kutoka sakafuni hadi ukutani, kutoka ukutani hadi dirishani,
pale nilipopaka silikoni mwaka alioolewa Janelle,
nikapangusa mikono, nikasema, "Basi, imekwisha."
Ardis aliitazama silikoni.
Akanitazama mimi.
Hakusema kitu. Baada ya miaka arobaini na mmoja
hiyo nayo ni sentensi, ina hadi nukta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Hawakutaja sakafu.
Hawakutaja boriti mbili, sufi ya kuzuia baridi,
wala kiota cha panya aliyeitafuna ramani
akalala, yeye na wanawe,
juu ya Dakota Kusini nzima.

Kermit Tollefson alikuja na msumeno wa umeme
na maoni matatu. Aliuacha msumeno.

Kitandani ndipo tulipogombana.
Kile cha zamani kilibana ukutani, Ardis upande wa ndani,
na kila usiku haja ilipomwita
alinivuka, goti kwenye mbavu,
kama mtu anayeruka seng'enge ya ng'ombe wa jirani.
"Nataka njia yangu," alisema. "Na mimi nitoke kama binadamu."
Nikapima. Nikapima tena, labda chumba kimekua.
Njia huku, njia kule,
kitanda kinabaki mita moja na robo.
"Tutalalaje humo?"
"Kwa adabu," akajibu, akanipa penseli.

Plaiwudi mpya ilinukia gundi na duka.
Pale penye tao la gurudumu nilikosea mara mbili,
ya tatu Ardis alikata kielelezo
kwenye boksi la nafaka za asubuhi,
kikakaa kama kimezaliwa hapo,
jogoo mwekundu wa boksi akitutazama kichwa chini.
Juu tukatandaza vibao vya plastiki
vyenye rangi ya mwaloni, na mabaka ya vifundo,
vifundo vya mti ambao haukuwahi kuota popote.

Usiku wa kwanza tulilala humo uani,
hatua ishirini kutoka nyumba yetu halisi,
umeme ukija kwa waya uliopita dirisha la jikoni.
Saa nane akaamka. Kwa upande wake. Kwa njia yake.
Mbavu zangu zilisubiri goti, halikuja.
Nikamsikia gizani, miguu mitupu:
hatua, hatua,
kimya kidogo,
kisha hatua ndefu,
akiruka mahali ambapo sasa
ungeweza kusimamisha fahali.

Sikumwambia.
Asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi,
niliparuka vilevile.

Dirisha nimeliziba upya, ndani na nje.
Safari hii Ardis ndiye aliyeshika tochi.