Maji Yalirudi Ijumaa

Wiki ya pili Migosi bila tone.
Bomba la jikoni lilikohoa hewa, likanyamaza,
tukaliacha wazi usiku na mchana
kama mlango wa mtu aliyeaga akisema narudi.
Ndiyo saa yetu hapa: ukisikia ndoo ikilia
unaamka, unakinga, hata iwe saa tisa.

Kisha simu kutoka Ugunja: baba mkwe amelala.
Tukafunga madirisha. Tukafunga gesi.
Sufuria ya uji ikabaki imelalia tundu la sinki.

Maji yalirudi Ijumaa, sisi tuko matangani.
Jumapili jioni nilizungusha ufunguo
na nyumba ikanitokea miguuni.
Ndala za Awino zilikuwa zinaelea sebuleni,
moja mbele, moja nyuma, kama watu waliogombana.
Kabati la televisheni limevimba magoti.
Zulia nililolilipia miezi tisa kwa pesa za chama
limekunywa mpaka likashindwa.

Yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Niliyazoa. Ndoo arobaini na tatu,
nikizihesabu kwa sauti ili watoto wasilie.

"Vitu usiguse," sauti ya bima ilisema,
"mpaka mkadiriaji afike."
Siku sita.
Godoro likaanza kuota ndevu za kijani.

Mama Nyangweso akaja na birika la chai na ushauri:
bomba lililopasuka wanalipa,
bomba lililoachwa wazi wanauita uzembe.
Fundi Obiero yuko hapo nyuma ya kinu cha posho,
atakupasulia kwa mia tatu,
mia nne ukitaka lionekane ni ufa wa zamani.

Usiku ule nilisimama jikoni na spana ya mume wangu.
Nikaibana shingoni mwa bomba. Chuma, baridi.
Nikaiondoa. Nikairudisha.
Nisijisifu:
mkono ulichoka kabla dhamiri haijaamka.

Bwana Mudaki alifika Jumamosi, viatu vinameremeta,
akavivua mlangoni, akavibeba kama ngege wawili
aliowanunua kwa bei asiyotaka kuitaja.
Akagonga ukuta. Akapima unyevu kwa kidude chenye meno.
"Risiti?"
Nikamvutia droo.
Ndani, uji mweupe wa karatasi,
na neno moja tu lililosomeka: Asante.

"Na chanzo cha maji, mama?"
Nikasema bomba.
Nikasema, tuliliacha wazi.
Kalamu yake ikasimama.

Akaingia jikoni, akalizungusha mpaka mwisho.
Hewa. Kikohozi kile kile.
Akabaki pale muda mrefu kuliko kazi inavyotaka,
soksi zake zikinywa kilichobaki sakafuni.
"Kwangu Mamboleo," akasema, "leo siku ya kumi na moja."
Akaandika mstari mmoja, akaufunika kwa kiganja
kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu.

Barua imekuja leo.
Chanzo cha hasara: maji kurudi bila taarifa.
Nimeusoma mstari huo mara nne, nimesimama.
Zulia, toa uchakavu. Kabati, toa uchakavu.
Godoro halikutajwa, wala ukuta ule
tulipokuwa tukichora urefu wa Awino kwa penseli
kila sikukuu, hadi rangi ilipobanduka na miaka yake.
Kilichobaki kinatosha kupaka chumba kimoja
na nauli ya kwenda kuchukua hundi.

Siku hizi kila tukitoka nalifunga bomba.
Nalikaza. Nafika getini, narudi, nalikaza tena.
Awino ananitazama, ndoo mkononi:
"Lakini mama, tukilifunga hivi,
tutajuaje yamerudi?"