Inchi Tatu

Gereji yetu ilijengwa kwa gari la zamani,
gari lenye kiuno cha nyigu na taa za macho ya chura,
enzi Duluth ilipokuwa mji wa chuma na mbao
na hakuna aliyewaza kwamba mtu wa kawaida
angetaka kulaza mashua chini ya paa lake.

Wendell amepima mara saba.
Jumapili alipima baada ya kanisa, tai bado shingoni.
Jumanne usiku niliamka, upande wake wa kitanda umepoa,
nikamkuta nje, kurunzi kinywani,
amepiga magoti juu ya saruji
kama mtu anayetubu kwa utepe wa kupimia.
Futi kumi na nane na inchi mbili.
Usiku hauongezi kitu.

Kwa muuzaji, kando ya barabara kuu,
ipo ya futi kumi na sita, alumini ya kijani,
ina tangi la chambo hai na usukani kama wa gari.
Alipanda akakaa ndani yake, juu ya tela, pale pale maegeshoni,
akazungusha kiti. Akazungusha tena.
Ana miaka sitini na miwili.
Nikageukia kando, nikajifanya nasoma bei.

"Ulimi wa tela unakunjwa," muuzaji alisema.
"Jumla futi kumi na saba na inchi nane, pamoja na injini."
Wendell akanitazama, uso umewaka: inaingia!
Inaingia, nikasema.
Na friza?

Jirani Petrich, mwalimu wa hesabu mstaafu,
alikuja na chaki akachora mstari sakafuni, pembe hadi pembe.
"Mshazari ni mrefu kuliko ukuta," alisema, kwa furaha.
Ni kweli. Ila mlango haukusoma hesabu.

Tuiache nje, basi, chini ya turubai?
Theluji ya huku ni mgeni
ambaye siku ya tatu
yeye ndiye anayekupa wewe jembe.

Friza imekaa ukuta wa nyuma.
Futi mbili na inchi tatu, inakoroma.
Watoto wameshahama; tunaweka humo mkate, beri,
na chini kabisa kifurushi cha gazeti
chenye mwandiko wa penseli wa Elmo, kaka yake:
*Macho-kioo wawili. Septemba 9.*
Mwaka hakuandika. Sisi tunaujua.
Oktoba ile Elmo hakuiona ikiisha.
Msimu wa baridi uliofuata umeme ulikatika saa kumi na moja nzima,
na Wendell akaitandikia friza mablanketi yetu yote
akaketi juu ya kifuniko mpaka taa ziliporudi.
Sikumuuliza kitu. Nilimletea kahawa.

Alhamisi alisema, "Friza hii nani anaihitaji?"
mkono wake juu ya kifuniko.
Nikasubiri.
Mkono haukuondoka.

Jumamosi alirudi na ya futi kumi na nne,
imetumika, mabenchi matatu ya bati, bonde dogo ubavuni,
injini ya kushika kwa mkono, kama ile waliyokuwa nayo wakiwa vijana.
"Tuko wawili," alisema, bila kunitazama.
"Ile kubwa inakula mafuta."
Ndiyo, nikasema. Inakula mafuta.

Tuliisukuma kinyumenyume, Petrich akipiga kelele
kama rubani wa bandari, kushoto, kushoto, basi!
Ngazi tukaitoa. Skii tukazitundika darini.
Ulimi ukakunjwa,
mlango ukashuka, ukapita.

Kati ya injini na friza zilibaki inchi tatu.
Wendell alizipima kwa vidole, si kwa utepe,
akasimama hapo, vidole kwenye pengo,
mpaka friza ilipoamka na kuunguruma
na bati la mashua, taratibu,
likaitikia.