Mazoezi kabla ya Jumamosi

Tumekaa ukumbini, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
mlango tumeurudisha, redio tumeiacha iseme
ili Mama Chausiku wa dirisha la pili asisikie
jambo ambalo yeye ndiye aliyetuambia kwanza.

Mimi ndiye mwandishi. Daftari ni la mwanangu wa darasa la tatu,
kwa hiyo mipango yetu inaanzia chini ya hesabu za kugawanya.
Nimeandika: Jumamosi, baada ya alfajiri, kabla arosto haijamshika.
Nimeandika: Asipigwe. Nikapiga mstari, mara mbili,
nikimtazama Mjomba Sefu, naye akitazama dari.

Shemeji Mhina ameshafika Bombo, ameuliza.
Dawa hunywewa palepale dirishani,
muuguzi akikutazama koo linavyopanda na kushuka.
"Kila siku?" akauliza Shangazi Mwantumu. "Hata Idi?"
"Hata Idi."
Nikaandika: nauli. Nikaandika: nani atampeleka,
nikaacha nafasi.

Tusianze na vitu, nilisema,
maana tukianza na vitu hatumalizi:
mtungi wa gesi, kichwa cha cherehani,
baiskeli ya marehemu Baba yenye kengele mbili,
sufuria iliyotoka na ukoko wa bada ungali ndani.
Tuanze na mikono yake.
Mbwana alikuwa akiweka kiganja mgongoni mwa friji
kama mkunga, anasikiliza, anasema,
"Huyu ana kiu ya gesi tu,"
na kesho yake nusu ya mtaa inakunywa maji baridi.
Shangazi akasema hilo atalisema yeye. Akalia.
Nikaandika: Shangazi, friji.

Kisha tukafanya mazoezi.
Jumbe, mtoto wa dada, miaka kumi na sita, akawa Mbwana.
Tukampa kiti cha plastiki karibu na mlango.
Akalegeza shingo. Akajikuna shavu, taratibu,
palepale anapojikuna mjomba wake,
akaivutia sauti puani:
"Mama, sikatai. Nyote mmesema kweli.
Ila leo nina kazi Chumbageni, friji la bucha,
nimepungukiwa elfu mbili ya waya.
Jioni naileta. Na chenji."

Tulicheka. Mjomba Sefu alicheka mpaka akakohoa.
Tulipotulia, Mama alikuwa ameshainuka,
anafungua fundo la leso kwa meno.
Noti mbili, zimekunjwa udogo wa kucha.
Akamwekea Jumbe mkononi,
akamfumba vidole, kimoja kimoja,
akasema, "Usichelewe. Chakula nitakufunikia."

Redioni walikuwa wanasoma matangazo ya vifo:
habari ziwafikie fulani wa Pangani, fulani wa Muheza.
Jumbe hakujua azirudishe au azishike.
Mama alikaa. Akautazama mkono wake
kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi.

"Kumbe," akasema,
"mwaka wa sita huu, ninayenunua ni mimi."

Sikuliandika hilo. Wino ulikuwepo.

Mjomba akasema Jumamosi tuisogeze mbele.
Mama akasema isisogezwe.
Akasema pale kwenye nafasi niandike jina lake,
na Idi pia.

Magharibi Mbwana akaja, amepita uani kwa ubavu,
suruali imefungwa kwa kipande cha waya wa umeme.
"Leo mna kikao?"
"Tuna kikao," akasema Mama.
"Harusi?"
Mama alikwenda kumfunulia sahani.
Leso alikuwa ameivua, ameitundika msumarini juu,
ambako mkono wake haufiki bila kupanda kiti.

Alikula ameinama, hatafuni sana.
Friji letu, kitu pekee alichokiacha,
likaguna, likakatika, likaguna tena.
Tonge likasimama hewani.
Mbwana akainua kichwa, akalisikiliza.