Namba Yako Ina Mtu

Miaka kumi na moja nimeifunika kwa turubai la kahawa
nyuma ya banda la mbuzi, huku Kibosho,
na kuku wametagia juu ya kiti chake mara mbili.
Mama Anasia alikaanga mayai yale bila kuuliza yametoka wapi.
Jumatano nikamwambia: nimelipa ada ya kilabu.
Akaendelea kumenya ndizi.
Kisha, bila kuinua macho:
"Na chuma cha begani umekiuliza?"

Nimekiuliza. Kila Julai kinanijibu.

Kabureta nikaiosha kwa petroli na mswaki wa zamani,
plagi nikaisugua kwa msasa,
cheni nikaichovya kwenye oili, ikatoka inang'aa kama andazi.
Nikapiga kiki thelathini na nne.
Ya thelathini na tano ikakohoa,
ikatema moshi wa buluu kwenye sare za shule zilizoanikwa,
nami nikacheka peke yangu
kama mwizi aliyesahauliwa na mbwa.

Jumamosi, bondeni, kusini mwa Moshi,
kule miwa inakoishia na vumbi kuanza.
Mahema manne, jenereta, mama wa mtori na sufuria lake.
Mlima haukuonekana.
Siku za watu wadogo huwa hautoki.
Katibu, Bwana Kiwelu, akaniangalia kama risiti ya zamani.
"Arobaini na tatu ina mtu," akasema,
akanionyesha kwa kalamu:
kijana, buti nyeupe, anatafuna karanga.
Mwaka niliovunjika yeye alikuwa chekechea.

Basi Anasia akakata utepe mweusi wa fundi umeme,
akabandika moja mbele ya namba yangu.
Mia moja arobaini na tatu.
"Umemzidi mia, baba."

Bendera.

Sitasema uongo: hofu ndiyo iliyotangulia.
Ilipanda nyuma yangu kama abiria asiyelipa,
ikanishika kiuno hadi kona ya pili.
Kona ya pili mwili ukakumbuka.
Si mimi. Mimi nilikuwa nimesahau kila kitu.
Goti ndilo lililojua pa kubana,
kidole kikaijua klachi,
makalio yakainuka yenyewe kabla ya tuta,
na kule juu, magurudumu yote mawili yakiwa hayana kazi,
pakawa kimya,
kimya kile nilichokitafuta
kanisani, na mbele ya mizani ya kiwanda, na kitandani saa tisa za usiku,
kimya cha urefu wa kumeza mate.
Kisha ardhi.
Kisha chuma cha begani kikaniita kwa jina la ubatizo.

Mzunguko wa nne arobaini na tatu alikuwa chini,
amelala kwenye tifutifu, gurudumu linazunguka bure.
Nikampita.
Nilimpita! Andikeni mahali.
Mzunguko wa tano akanipita yeye,
akanirushia udongo wa kutosha kupanda mahindi.

Nilimaliza wa kumi na mbili.
Tulianza kumi na wanne:
mmoja alikatikiwa na cheni,
mwingine mkewe alimpigia simu.

Jioni kijana akaja na karanga zake kwenye gazeti.
"Mzee, ile kona ya chini unaipitaje bila kushika breki?"
Nikatafuta maneno. Nilitaka yawe makubwa,
ya mtu aliyeyaona mengi.
Nikamwambia ukweli:
"Breki ya mbele imekufa."
Akacheka hadi akapaliwa. Nikampiga mgongoni
kwa mkono wa kulia, ule mzima.

Leo Jumatatu. Kiwandani magunia yananisubiri,
na mkono wa kushoto haupandi kufika kitasa.
Mama Anasia ananifunga vifungo vya shati,
kimoja kimoja, kuanzia chini.
Amefika cha kola, anasita,
ananipuliza vumbi sikioni.
"Lile turubai," anasema,
"usilitafute. Nimeanikia maharage."