Kijiko Juu ya Fremu

Miaka miwili mlango wa chumba cha kulala
tuliufungua kwa mpini wa kijiko.
Fundi Wamono alisema, "Jumamosi."
Hakusema ya mwaka gani.

Leo nimeshuka Mbale mjini, wingu limeukalia Wanale,
nikanunua kitasa cha duara, elfu thelathini na mbili
baada ya kubishana. Muuzaji akanitupia skrubu moja ya ziada,
kama mtu anayejua.

Bisibisi ya kuazima. Kitasa cha zamani
kikatoka kikitapika kutu,
na ndani ya tundu, kipande cha gazeti
alichokikunja marehemu mara nne
ili mlango usitikisike.
Sikukikunjua. Nilikitia mfukoni.

Nikachomeka ulimi, nikakaza huku, nikakaza kule,
nikajifungia ndani nijaribu.
Kitasa kikazunguka.
Kikazunguka tena, bure,
ulimi umekaa palepale, haujui kama umeitwa.

"Mutonyi! Lete kijiko!"
"Kipi, bibi?"
"Kilekile!"
Kikapita chini ya mlango kikikwaruza saruji,
na cheko la mtoto nyuma yake.

Mara ya pili nilifanya mlango ukiwa wazi.
Nilichungulia tunduni kwa tochi ya simu
mpaka nikaona chuma kimeingia mahali pake.

Sasa unafunga: tiki.
Nimeufunga na kuufungua mara kumi na moja,
Mutonyi akihesabu.
Kijiko kimeoshwa, kimerudi kwenye sukari.

Saa nane za usiku nimeamka kwenda msalani,
mkono wangu, gizani,
ukapapasa juu ya fremu.