Daftari la Mto Mbaka

Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika:
tarehe, mvua, waliofika, wenye udhuru.
Kurasa za mwanzo zina madoa ya chai,
maana kikao cha kwanza tulikaa ukingoni
na Ambakisye, kwa hasira, akapiga meza
pasipo na meza. Alipiga kikombe changu.

"Mbasa anatoka ziwani," alisema, "anapita kwetu.
Nimwache apande ili aliwe na wa juu?"
Wa juu, walioshuka toka Masoko
viatu mkononi, wakajibu:
"Mwaka wa nne huu hatujauona hata mkia.
Mlango mmeuziba ninyi."

Matusi sikuyaandika.
Niliandika: Majadiliano yalikuwa marefu.

Kila mtu alikuwa na lake.
Kokoa ya Mwaihojo imeteremka hadi majini,
na pampu ya dawa anaioshea
pale pale mkewe anapochota.
Kuna waliotwanga utupa usiku; kulipokucha
vifaranga vya samaki vilielea matumbo juu,
vyeupe, kama mchele uliomwagika njiani.
Na katibu (hili halimo daftarini)
chandarua cha kliniki, cha mwanangu Lugano,
nilikitega mtoni masika mawili.
Lugano akaugua. Samaki wakaisha.
Wavu mmoja, hasara mbili.

Tukakubaliana: maji yakianza kuwa mekundu
hakuna wavu wa kuvuka mto, ng'ambo hadi ng'ambo,
mpaka mbasa wapande, watage, warudi.
Wa juu waache matete yaote kingoni,
jembe likae mbali, hatua sitini.
Asegelile, muuza samaki, akasimama:
"Na miezi hiyo nikaange nini? Mawe?"
Kimya. Mto peke yake ndio uliozungumza.
Wiki iliyofuata wa juu walishusha magunia mawili
ya viazi, kwa mkopo. Akakaanga viazi.
Alinung'unika masika yote, lakini alikaanga.

Mwaka wa kwanza, hakuna kitu.
Wa pili, Ambakisye alikamata wavu wa shemeji yake,
akauchoma mbele yetu huku machozi yanamtoka,
akasema ni moshi.

Jana usiku, mvua haijakatika,
kijana wa Masoko kagonga mlango, kalowa chapachapa.
"Wamefika! Pale kwenye changarawe,
wanaruka, migongo inang'aa kwenye tochi!"
Wangapi? nikauliza, kalamu tayari.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.
"Katibu, nilisahau kuhesabu."

Tarehe nimeandika. Mvua nimeandika.
Safu ya idadi nimeiacha wazi.