Mizani ya Hanga

Jumanne, kabla ya saa nne, Shee karudi na begi lake
na kikaratasi: pesa za mtihani.
Sikumkemea. Nilikuwa na unga hadi viwikoni.
Nikamwambia vua shati la shule, nawa mikono,
leo darasa ni hapa, kati ya karai na mbuzi ya nazi.

Nilimwaga unga juu ya sinia.
Andika jina lako kwa kidole.
Akaandika SHEE, akalipuliza likapotea,
akaandika tena, akachora na paka.
"Mama, daftari hili halijai," akasema,
na kweli, halijai, wala haliuzwi dukani kwa Mbarak.

Hamira tukaitia kwenye chupa ya soda,
sukari kidogo, maji vuguvugu,
mdomoni tukaivisha puto jekundu
lililobaki kwenye harusi ya Mwanamkasi.
Shee alilala kifudifudi, kidevu sakafuni,
hata puto likaanza kuinua kichwa
kama mtu aliyeitwa usingizini.
"Nani yuwapuliza?"
Hamira, nikasema. Ni hai. Inakula, inapumua.
Tangu siku hiyo, kila nifunikapo kinyunga
huja akatega sikio.

Jioni tukazipanga chini ya ukuta:
kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi.
"Na mimi ni ipi?"
Nikamgonga utosini kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza.
Kitale.
Akanuna mpaka maghribi.

Jumatano tuliunda mizani.
Hanga ya shati, vifuniko viwili vya kopo la siagi,
uzi wa kushonea magunia, msumari mlangoni.
Mawe ya kupimia hatuna, akamwaga gololi zake.
Kitunguu: kumi na mbili. Ndimu: nane.
Alitaka ndimu ishinde, akaisukuma kwa kidole.
Nikamwambia toa mkono,
mizani haina shangazi wala mjomba.
Donge moja la hamri: gololi kumi na moja.
Akaandika ukutani kwa mkaa, na tarehe juu,
kama karani wa bandarini.

Alhamisi unga ukapanda bei.
Sikumwambia mtu.
Nilipokuwa nakata madonge
mkono wangu wenyewe ulijua la kufanya.

Ijumaa alfajiri, Mtopanga imejaa kikohozi na ndala,
mlangoni mafundi rangi wawili, bawabu anayerudi zamu,
na Bi Nyevu na bakuli lake la mbaazi.
Shee akaokota donge siniani, akaliweka kifunikoni.
Hanga ikainama, ikasita, ikatulia.
"Mama," kwa sauti ya kujibia mwalimu,
"leo ni tisa. Jumatano lilikuwa kumi na moja."

Mafuta pekee ndiyo yaliyoendelea kusema.
Bi Nyevu akatazama ukuta,
akatazama hanga, akanitazama mimi.

Ningemfinya. Mkono ulishatoka.
Ukafika kwenye mkaa, nikampa.
Haya, hesabu, mbele ya watu:
pakiti imepanda shilingi thelathini,
hutoa mahamri sitini.
Tuongeze ngapi, tusimpunje mtu, tusilale njaa?

Alihesabu kwa vidole vyake,
vilipokwisha akaazima vya fundi rangi, vyeupe kwa chokaa.
"Nusu shilingi!"
Na nusu shilingi, bawabu akauliza, yatoka mfuko gani siku hizi?
Shee akakuna kichwa.
"Basi wanunue mawili mawili."

Bi Nyevu akacheka hadi mtandio ukamwanguka.
Akasubiri nikate upya, akanunua manne,
lakini kwanza akayapima yote, moja moja.

Jumatatu shule ilimpokea kwa nusu ya pesa na ahadi yangu.
Hanga ingali mlangoni.
Nikiwa peke yangu, kabla mtaa haujaamka,
nakata donge, napima, nabandika kipande, napima tena.
Gololi moja ameondoka nayo mfukoni.
Zimebaki kumi.
Ya kumi na moja navua pete.